Aliyeliliwa Akiwa Hai

Stuttgart, 9 Februari 1966
Leo ni mwaka mmoja na miezi tisa tangu niondoke nyumbani.

Mdogo wangu Lozana,

Pokea salamu za kaka yako. Mimi ni mzima. Mgongo unalalamika, lakini mgongo wa mwashi usipolalamika ujue mwenyewe hafanyi kazi. Wewe je, kifua kimepona? Vumbi la tumbaku si la kuchezea; ukiwa kiwandani funga kitambaa puani, hata wenzako wakikucheka. Ukienda kijijini mpe Mama salamu zangu, na umwambie nakula vizuri. Si kweli, lakini mwambie.

Nakuandikia kwa sababu Jumatatu tumempoteza Apostol, yule wa Kichevo aliyekuwa akilala kitanda cha juu yangu. Tulikuwa ghorofa ya nne na mbao za jukwaa zilikuwa na barafu. Alikuwa akiimba kama kawaida yake, kisha nikaona sisikii kuimba, nikatazama chini. Msimamizi alivua kofia, akakaa hivyo muda wa mtu kuhesabu mpaka kumi, akaivaa tena, tukarudi kazini. Jioni tulikusanya vitu vyake: viatu, wembe, picha ya mkewe, soksi za sufu ambazo hakuwahi kuzivaa. Vyote viliingia kwenye boksi la sabuni.

Sasa nisikilize, Lozana, maana hapa sina wa kumwambia. Kwetu mtu akifa wanawake humlilia kwa jina lake. Humuuliza shamba kamwachia nani, nani atakata kuni, kwa nini kaondoka bila kuaga. Apostol hakuulizwa neno. Macho nilimfumba mimi, kwa mikono yenye saruji. Nikifa huku mimi, atanifumba nani? Tunawajengea wengine nyumba za ghorofa nne, na paa la Mama linavuja tangu Baba alipokufa.

Haya usimsomee Mama. Nitarudi sikukuu ya Mtakatifu Dimitri, mwezi wa Novemba, wanaume wote wanaporudi.

Kaka yako,
Zapre


Skopje, 2 Mei 1966

Kaka yangu Zapre,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa Sotir wa klarineti, ninayeimba naye harusini, ambaye anasema ukirudi usisahau kumletea zile ndimi za klarineti za Kijerumani. Kifua changu hakijambo. Bado nakaa kwenye nyumba za mbao walizotujengea baada ya tetemeko. Upepo unaingia kila upande, lakini majirani wananivumilia nikiimba, na hilo si dogo. Pole sana kwa Apostol. Nimemwashia mshumaa.

Kaka, barua yako niliisoma mara nyingi mpaka ikawa wimbo. Sikukusudia. Nilikuwa napanga majani ya tumbaku, mkono unakwenda wenyewe, nikasikia maneno yako yametafuta mahadhi. Nilianza na jina la Apostol, lakini ni refu, linajikwaa kwenye mapigo saba ya ngoma. Nikajaribu lako. Likakaa kama mlango kwenye fremu yake.

Zapre, mwana wa Petkana, nani kakufumba macho?
Umejenga za wengine, yako inavuja usiku na mchana.
Mwashi kanifumba macho kwa mikono ya chokaa,
mama, usinitandikie, nimelala pasipo shuka.

Sotir alipousikia aliweka klarineti chini akasema, "Ewe mwanamke, huu si wa harusini. Huu twende nao redioni."

Tukaenda. Bwana mmoja mwenye miwani akasikiliza mpaka mwisho, akasema vizuri, umeusikia kwa nani? Nikasema nimeutunga.

"Binti, hapa hatuchukui nyimbo za kutungwa. Tunachukua za wananchi, zilizorithiwa kwa mababu."

"Na mimi ni nani? Mimi si mwananchi?"

Sotir akanikanyaga mguu. Tukatoka. Wiki iliyofuata tukarudi siku ambayo yule hayupo, tukamkuta mwingine, kijana. Naye akauliza vilevile, umeusikia kwa nani? Nikajibu: kwa mama yangu, Petkana wa Orahovo, naye kwa mama yake. Uso ukamchangamka. Akaandika yote kwenye daftari. Akauliza ni wa zamani za lini. Sotir akadakia, "Zamani za Waturuki, bwana. Huenda kabla."

Utapigwa kwa mara ya kwanza Jumapili moja ya mwezi wa Juni, saa sita mchana. Usinikasirikie kwa jina. Ni wimbo tu.

Mdogo wako,
Lozana


Stuttgart, 19 Juni 1966
Miaka miwili na mwezi mmoja.

Lozana, mdogo wangu,

Hujambo? Mimi sijambo, ingawa kwa mujibu wa redio nimekwisha kufa.

Nikasirike kwa nini? Kuna jamaa wa Prilep ana redio, tuliipandisha juu ya kabati, waya tukaufunga dirishani, tukasikia robo ya wimbo na robo tatu ya mvumo. Ile robo ilitosha. Watu wazima kumi na wanne walikaa vitandani wakitazama miguu yao. Sauti yako imekuwa ya mtu mzima. Kesho yake kazini walianza: "Mpe marehemu tofali." "Marehemu, shuka chai ipo." "Marehemu hana haja ya chai, mkate wake nipe mimi." Nimewaambia mtu wa kwanza kuliliwa na taifa zima katika bweni hili ni mimi, kwa hiyo waniheshimu.

Umenizika vizuri, sina lawama. Huyo wa miwani ni mjinga. Nitarudi siku ya Mtakatifu Dimitri kama nilivyosema, na utaniimbia mwenyewe mezani.

Kaka yako,
Zapre (marehemu)


Skopje, 15 Julai 1966

Kaka Zapre,

Natumaini u mzima, na safari hii nauliza kwa kweli, si kwa desturi. Mimi mwili ni mzima.

Nimetoka kijijini juzi. Nilikwenda sikukuu ya Mtakatifu Petro, nimebeba kitambaa kipya cha kichwa kwa ajili ya Mama. Nilidhani atafurahi. Ngoja nikueleze kama Bi Sevda jirani alivyonieleza, maana Mama mwenyewe hakunieleza neno.

Redio ya kijiji iko dukani. Ile Jumapili watu walitoka kanisani wakapita pale, mtangazaji akasema: sasa maombolezo ya kale, kutoka kwa Petkana wa Orahovo. Kisha wakasikia: Zapre, mwana wa Petkana, nani kakufumba macho. Kaka, kijiji kizima kina Petkana mmoja tu mwenye mwana anayeitwa Zapre, na mwana huyo yuko ughaibuni anajenga. Nani kwetu alililiwa kwa jina na hakuwa amekufa? Wakaona serikali imeleta habari kwa njia ya redio, kwa kuwa barua zinachelewa.

Mama alikuwa bustanini akipalilia maharagwe. Akainua uso akaona wanawake kumi na mmoja wanaingia langoni wamefunga vitambaa vyeusi, kila mmoja na sahani iliyofunikwa ya ngano ya kuchemsha, ile ya matanga. Hawakumwambia kitu. Angeambiwa nini, na ngano ameiona? Bi Sevda anasema jembe halikumtoka mkononi; aliendelea kupalilia mstari mpaka mwisho, ndipo akakaa chini akakuita. Alikulilia mpaka alasiri. Alikuuliza yote. Sasa wimbo wangu ukawa kweli umetoka kwa Petkana wa Orahovo.

Mwalimu wa shule ndiye aliyekuja mbio kusema jamani, ni wimbo tu, mwimbaji ni Lozana.

Mama akauliza, "Na yeye kausikia kwa nani?"

"Redio imesema kwako."

Basi hapo akaliokota jembe.

Ikabaki ngano. Ya marehemu huliwa ili akumbukwe, lakini ya mtu aliye hai hufanywaje? Kuila ni kukuua, kuitupa ni dhambi. Kuwapa kuku nako kukaonekana hakufai. Wakamwita padre, padre akakuna ndevu akasema hajapata kuona jambo hili, labda izikwe. Wakaizika kando ya ukuta wa makaburi, sahani kumi na moja. Kwa hiyo una kaburi, kaka. Si langu kucheka na sikucheki.

Nilipoingia nyumbani Mama alikuwa ameketi na Bi Sevda. Nikasema, "Shikamoo Mama." Akamgeukia Bi Sevda: "Mwulize huyo amekuja kumzika nani leo."

"Mama, ni wimbo. Zapre ni mzima, ameniandikia."

"Sevda, mwambie huyo kabla ya Zapre nilizaa wawili, na wote wako pale juu makaburini. Wa tatu nikampa jina la kukomesha, ili kifo kikome. Lilikikomesha miaka thelathini na moja. Yeye kalichukua jina hilo hilo akaliweka kwenye kinywa changu, kinywa changu mimi, nimlilie. Mwambie sitasema naye mpaka mwanangu apite lile lango kwa miguu yake. Nimeapa kwa wale wawili."

Bi Sevda akanitazama, akasema kwa huruma, "Anasema hatasema nawe."

Tulikuwa chumba kimoja, kaka. Nilikaa siku mbili. Kila neno lilipita kwa Bi Sevda, hata la chumvi. Kitambaa sikujua nimpe nani.

Njoo. Sikuombi kingine.

Mdogo wako,
Lozana


Stuttgart, 20 Agosti 1966
Miaka miwili na miezi mitatu.

Mdogo wangu,

Nimepokea barua yako nikiwa mzima. Natumaini nawe unakula, maana ninakujua.

Sijacheka. Nimewakataza hapa kuniita lile jina, mmoja amebisha tukashikana mashati. Mimi ndiye niliyekuandikia maneno yale, kwa hiyo kosa tugawane. Lakini jina litoe. Nenda redioni waambie waweke jina lolote, Petre, Mitre, au la huyo bwana wa miwani. Na uwaambie umeutunga wewe, Mama hahusiki.

Picha nimempelekea Mama, nimesimama na gazeti lenye tarehe. Ruhusa nimeipata. Siku ya Mtakatifu Dimitri nitapita langoni, tutamaliza upuuzi huu, na Mama atatupiga wote wawili kwa ufagio kama zamani.

Kaka yako,
Zapre


Skopje, 20 Novemba 1966

Kaka Zapre,

Je, u mzima? Kadi yako ina maneno manne: niko mzima, kazi nyingi. Nimeigeuza pande zote kutafuta la tano.

Ile sikukuu nilikwenda kukungojea kijijini. Wanaume sita walirudi Orahovo mwaka huu, na kila basi lilipopiga honi kule barabarani Mama alisimama. Alikuwa amepaka chokaa nguzo za lango. Meza ilikuwa na kila kitu, jibini, pilipili za mtungini, mkate wenye msalaba, na rakia, ile pombe kali ya Baba, ambayo Mama aliificha tangu alipomzika. Kufika jioni akasema, "Sevda, mwambie huyo aondoe sahani." Picha yako ya gazeti anayo, lakini anasema hata Baba anayo picha, yumo ukutani anatabasamu.

Redioni nimekwenda, tena mara mbili. Mara ya kwanza nikasema jina libadilishwe. Wakasema wimbo wa wananchi haubadilishwi, ni mali ya wananchi. Mara ya pili nikasema basi kweli ni kwamba nimeutunga mimi. Yule kijana akacheka kwa adabu. Akaniambia tangu upigwe wamepata barua nyingi, na mzee mmoja wa Bitola ameandika kuwa babu yake aliuimba vitani, akaongeza na beti mbili nilizosahau. Nikasema bwana, beti hizo sikuzisahau, hazikuwapo. Akasema, "Dada Lozana, unyenyekevu ni mzuri, lakini na wewe usitake kumnyang'anya mama yako."

Na sasa, kaka, nisikufiche: unapendwa. Santuri imetoka. Kazi ya tumbaku nimeiacha. Nimeimba Shtip, nimeimba Ohrid, watu wanalia hata kabla sijaanza. Nimejaribu kuimba bila jina lako, nikaweka "mwanangu" mahali pake. Wakapiga kelele kutoka nyuma: "Zapre! Mtaje Zapre!" Nikakutaja. Wanauliza kama Mama ana nyimbo nyingine. Ninazo kumi na mbili, zote nimezitunga, na zote nimesema ni zake.

Kwa nini hukuja?

Mdogo wako,
Lozana


Stuttgart, 3 Machi 1968
Miaka mitatu na miezi kumi kasoro siku tano.

Lozana, mdogo wangu,

Nakusalimu. Safari hii sitasema mimi ni mzima. Kadi zangu zote za mwaka na zaidi zilikuwa uongo, mfupi ili usionekane.

Tarehe 22 Oktoba ya mwaka ule wa sitini na sita, yaani wiki mbili kabla ya kurudi, nilianguka. Si mbali, ghorofa ya kwanza tu, lakini kreni ilikuwa imeshusha nguzo za chuma na moja ikanifuata. Mguu wa kushoto wamenikata chini ya goti. Ninakaa stoo ya zana sasa, nawapa wenzangu miko na timazi asubuhi na kuvipokea jioni. Siyo kazi mbaya, kuna jiko la makaa.

Nilipoamka hospitali jambo la kwanza halikuwa mguu. Nilifikiri: Mama akijua, atasema wimbo umeanza kunila, umeanzia chini. Na atasema ni wewe. Nikasema afadhali anione mkaidi kuliko akuone wewe mchawi. Ndiyo sababu. Mimi siamini mambo hayo, Lozana. Lakini nilipokuwa naanguka sikuwa mtu wa kuamini au kutoamini, na baadaye, usiku wa kwanza wa hospitali, nilikukasirikia. Imekwisha. Nakuambia kwa sababu nimechoka kubeba.

Mama alisema nipite langoni kwa miguu yangu. Ninao mmoja. Nifanyeje?

Usimwambie. Nitarudi, lakini tarehe sijui, na hii ni mara ya kwanza nakuandikia barua bila tarehe ya kurudi.

Kaka yako,
Zapre


Skopje, 28 Aprili 1968

Kaka yangu,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimekaa kwenye ngazi za jukwaa huko Veles, na watu wamejaa ndani. Sikuimba wimbo wako jioni ile. Walipiga miluzi. Kaka, pole. Sijui neno lililo kubwa kuliko pole, na mimi ndiye wanayesema hodari wa maneno.

Nimekuasi. Nimemwambia Mama. Amepungua sana, pumzi inamwisha akipanda kutoka kisimani, na nikaona akifa akidhani umemtupa, hilo nalo litakuwa langu.

Nilimwambia Bi Sevda, kama ilivyo desturi yetu sasa, na Mama akiwa pale pale. Bi Sevda alilia katikati akashindwa kuendelea, nikamalizia mwenyewe, nimeuelekea ukuta. Mama aliuliza ni mguu upi. Bi Sevda akaniuliza ni upi. Nikasema wa kushoto. Mama akaiacha kahawa ichemke mpaka ikamwagika.

Kisha akasema, "Sevda, mwambie huyo amwandikie kaka yake. Ule mguu mmoja umechukuliwa na wimbo. Uliobaki ni wangu. Aje na ule wangu. Nitauhesabu."

Umesikia, Zapre? Amelegeza kiapo, na Mama hajapata kulegeza hata uzi wa soksi. Njoo hata kesho. Njoo na magongo, njoo umebebwa hadi kizingiti, mradi lango uvuke mwenyewe. Usingoje sikukuu yoyote.

Mdogo wako,
Lozana


Stuttgart, 26 Mei 1968
Miaka minne na wiki mbili na nusu.

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Mama, na ubusu mkono wake kama atakuruhusu. Asipokuruhusu, Bi Sevda aubusu kwa niaba yangu.

Nimefurahi mpaka jamaa wa stoo wameniuliza kama nimeshinda bahati nasibu. Nitakuja. Ila nisikilize. Hapa kuna fundi anayetengeneza miguu ya mbao na ngozi, mzuri hasa, mtu akivaa suruali huwezi kujua. Amenipima. Unachukua miezi, kisha kuna kujifunza kutembea. Nimeondoka nyumbani nikiwa mwanamume wa kubeba mfuko wa saruji kila bega. Sitaki niingie Orahovo kwa magongo, wale wanawake wa ngano wakinitazama kutoka kila uwanja. Nataka Mama asimame langoni anione natembea.

Siku ya Mtakatifu Dimitri, hakika. Miezi mitano si kitu, tumengoja miaka minne.

Kaka yako,
Zapre


Orahovo, 30 Septemba 1968

Kaka Zapre,

Nakuandikia kutoka nyumbani. Simu ya maandishi ya maneno matatu uliipata, kwa hiyo unajua. Mama alikufa tarehe 11, asubuhi. Sikuandika mapema kwa sababu kila nilipoanza niliona naandika wimbo, nikachana.

Alilala kitandani wiki tatu. Nilifika siku ya pili na sikuondoka. Nilimwosha, nilimgeuza, nilimlisha, na neno langu la moja kwa moja hakunipa. Haikuwa hasira, kaka, nataka ujue hilo. Macho yake hayakuwa na hasira hata kidogo. Aliapa kwa wale wawili walioko pale juu, na alikuwa anakwenda kwao, angewaambia nini?

Siku moja kabla, Bi Sevda alitoka kuleta kuni. Tukabaki wawili. Nikaona midomo yake imekauka na anaangalia mtungi. Nikamwuliza, "Mama, maji?" Akaniangalia. Akageuza macho mlangoni. Tukangoja, yeye na mimi. Bi Sevda alikawia, alikutana na mtu njiani. Alipoingia Mama akasema, "Sevda, mwambie anipe maji." Nikampa. Akanishika kidole hiki cha kati alipokuwa anakunywa, akakishika hata baada ya maji kwisha.

Aliuliza habari zako kila siku. Bi Sevda alimwambia unangoja mguu wa mbao ili ujifunze kutembea. Akasema, "Alitembea akiwa na miezi kumi. Mara hii ya pili inamchukua muda mrefu."

Makaburini wanawake walinipisha niwe mbele, kwa sababu ni binti, na kwa sababu nchi nzima inajua sauti yangu. Wakanyamaza wanisikie. Nikafungua mdomo. Zapre, sikupata neno hata moja ambalo sijawahi kuliimba kwa kupigiwa makofi. Kila lililokuja lilikuwa la jukwaani. Nikasimama hivyo mpaka Bi Sevda akanisogeza kwa kiwiko akaanza yeye, na sauti yake ile ya bata, akamwuliza Mama yote yanayopaswa kuulizwa.

Yule kijana wa redio amekuja mpaka hapa kunipa pole. Kabla ya kuondoka akauliza kama Mama aliacha chochote ambacho hakijarekodiwa. Nikamwambia hakuwahi kuimba maisha yake yote. Hakuamini.

Harusi nne nimezikataa. Sotir amepata mwimbaji mwingine, namwombea heri. Paa nimelitengeneza. Siku ya Mtakatifu Dimitri sikungojei, nisikudanganye. Mama alisema njoo na ule mmoja. Wewe ukangoja wa pili.

Mdogo wako,
Lozana


Stuttgart, 8 Oktoba 1968
Leo ni miaka minne na miezi mitano kamili tangu niondoke.

Mdogo wangu Lozana,

Nakusalimu, na kwanza ninakuuliza kama unalala. Mimi silali sana. Mwili unaendelea.

Barua yako imesema kweli, sina cha kuondoa. Mama alitaka mtoto, mimi nikataka suruali inayokaa sawa. Nilimfanya angoje kiatu. Wewe ulikosa kwa wimbo, lakini ulipokosa hukujua; mimi nilijua kwamba ni mgonjwa, uliniandikia wazi, nikahesabu miezi kama mtu anayehesabu matofali. Kwa hiyo usiendelee kujiona mwenye deni peke yako katika nyumba hiyo. Hata hilo la maji nimelifikiri siku nzima stooni. Yeye naye alikuwa na kiu zaidi ya moja pale, na aliyemwacha bila kinywa ni mimi. Ningekuwa nimepita lile lango mwezi wa Mei, angekuita kwa jina lako.

Hayo hayarudi. Sijui kama kiapo cha mtu hufa naye. Padre wetu angekuna ndevu. Lakini yeye alisema nipite, na hakuna aliyeniambia nisipite tena.

Mguu niliupokea wiki iliyopita. Nauburuta kama mlevi. Fundi anasema ningoje mpaka Januari ukubaliane na nyama. Nimekataa. Nimeaga stooni, wenzangu wamenikusanyia sanduku la ngozi na kunifunga mikanda yake mara mbili, mmoja akaniambia nisirudi, akageuka kando.

Sikuombi uimbe wala usiimbe. Sauti ni yako, na zile nyimbo kumi na tatu ni zako, hata dunia nzima ikisema ni za Petkana. Mimi najua zilitoka wapi, nilipokea barua.

Nataka jambo moja tu. Usije kunilaki kwenye basi, wala usimtume mtu. Kutoka barabarani hadi langoni mtu mwenye miguu miwili hutumia robo saa. Mimi nihesabie saa nzima, na kama kumenyesha, zaidi. Utaniona kutoka dirishani nikisimama mara kwa mara. Utaniona labda nimekaa juu ya jiwe. Usitoke. Kaa ndani, kwa kuwa sharti awepo mtu ndani wa kuniona ninaingia, na amebaki wewe.

Nitafika siku ya Mtakatifu Dimitri, tarehe nane Novemba, kwa basi la saa tano asubuhi. Saa sita nitakuwa langoni.

Kaka yako,
Zapre